Mkono wa Kulia wa Munir

"Wewe huendi," alisema Baba huku akikaza fundo la lile furushi. "Haya ni mambo ya wanaume. Nakwenda na ami yako, narudisha vitu vya watu kwa heshima, tunarudi. Yamekwisha."

"Ntakwenda, Baba."

Ami Makungu alikuwa kizingitini anavaa makubadhi. Akaacha mguu mmoja hewani.

"Kumbe ana sauti! Miaka yote hii nilidhani huyu anatumia ishara."

Hakusema uongo sana. Mimi ndiye Mwanapili ambaye wageni wakija hujificha nyuma ya pazia, na nikiulizwa jina hulisema nikiangalia mkeka. Hata Munir alipokuja kuniposa mwaka jana, shangazi ndiye aliyenijibia. Lakini siku hiyo ya Ijumaa nilimtazama Baba usoni, na sikuinamisha kichwa.

Ndani ya furushi mlikuwa na pete yangu, doti mbili za khanga ambazo sijazivaa, kipande cha udi, na chupa ndogo ya mafuta ya mawaridi iliyokwishapungua, kwa sababu nilikuwa najipaka tone moja kila Ijumaa kwa ajili ya mtu asiyekuwapo.

"Baba, unakwenda kumkataa mtu kwa jina langu," nikasema. "Na mimi niwepo jina langu likitumiwa."

"Mwanapili!" Akakaa juu ya kitanda cha kamba, akashusha pumzi. Baba yangu, Mzee Silima, si mtu mkali. Huo ndio ulikuwa ugumu wake. Mtu mkali ningemchukia, nikapata nguvu. "Mwanangu, unafikiri mie sina moyo? Mama yako alimuuguza bibi yako katika chumba kile pale. Alimgeuza, alimwosha, alimlisha, mpaka mgongo ukamvunjika yeye. Na nani aliyetangulia kaburini? Mama yako. Mgonjwa alibaki. Unataka nikutie na wewe katika chumba kama kile, nikae nje nisikilize?"

"Munir si Bibi."

"Munir kapooza ubavu mzima wa kulia! Siku ya nikaha mimi ndiye walii wako. Ntatoa mkono wangu, na muoaji atoe wake, tushikane nimwambie nimekuoza. Atanipa mkono gani? Mkono ule umekufa, Mwanapili. Siwezi kumuoza mwanangu kwa mkono uliokufa."

Nikajifunga mtandio, nikatoka. Hawakunirudisha. Tuliteremka kutoka Kikwajuni mpaka Mkunazini, nyumbani kwa Munir, wao mbele na furushi lao, mimi nyuma, na watu waliotoka kusali Ijumaa wakitupisha vichochoroni.

* * *

Munir alikuwa mpishi wa mikate katika hoteli moja ya Kiwengwa. Aliwahi kuniambia kwamba mkate hauhitaji nguvu, unahitaji mtu anayejua wakati wa kuuacha. Presha alikuwa nayo, na vidonge alikuwa navyo, ila alivimeza siku anazovikumbuka. Alfajiri moja alianguka jikoni na unga ukiwa bado mikononi. Kiharusi. Alipozinduka, mkono na mguu wa kulia vilikuwa kama vya mtu mwingine aliyelazwa pembeni yake.

Alipotoka hospitali, watu walimbeba ngazi nzima mpaka chumbani kwake ghorofani, na mama yake, Bi Tahiya, akafunga mlango. Alimpenda mwanawe mpaka akakaribia kummaliza. Alimlaza. Alimlisha kwa kijiko. Ule mkono aliufunga kifuani kwa khanga ili upumzike. Munir hakutaka kula kwa mkono wa kushoto, aliona haya, na wa kulia ulikuwa umefungwa, basi akawa anafungua mdomo tu kama kifaranga.

Ndipo alipokuja Bi Ulfat, daktari wa mazoezi. Mimi nilikuwapo, nimeketi karibu na mlango ulio wazi, na Bi Tahiya katikati yetu kama ukuta. Bi Ulfat aliifungua ile khanga bila kuomba ruhusa.

"Mkono huu haujafa," alisema. "Kilichoumia kiko kichwani. Kichwa kimesahau njia ya kuufikia. Na njia, Bi Tahiya, haifunguki kwa kulala. Inafunguka kwa kupitwa kila siku."

"Mtu kaangushwa na kazi, na wewe unamletea kazi nyingine?"

"Ndiyo. Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mikate," nikasema mimi, kwa sauti ya panzi.

"Basi mpeni unga akande."

Bi Tahiya aliondoka chumbani kwa hasira. Mimi nikaenda jikoni kwake nikachukua unga.

Tangu siku hiyo nilikwenda kila asubuhi. Majirani walisema, tena walisema kwa sauti ili nisikie. Mchumba gani anayekwenda kwa mwanamme mchana kweupe? Na si kwamba niliwahi kumgusa. Bi Ulfat alinifundisha kila kitu kwa kutumia mkono wa Bi Tahiya: namna ya kuukunjua, namna ya kuunyoosha, namna ya kusimama upande ulio dhaifu. Kisha Bi Tahiya, akinung'unika, ndiye aliyemgusa mwanawe. Mimi nilielekeza. Nilimwambia Munir asimame nikiwa upande wa pili wa chumba. Nilimwambia aketi, asimame tena. Alilitukana jua, akautukana unga, siku moja akalitupa donge zima ukutani likaganda.

"Nimechoka na wewe, Mwanapili! Huna huruma!"

"Sina," nikamwambia. "Libandue, ukande tena."

Akanitazama. Kisha akacheka, mdomo ukiwa umepinda kidogo upande mmoja, na mimi nikatazama chini haraka, kwa sababu niliona kwamba kicheko kile nitakikumbuka mpaka nizeeke.

* * *

Ijumaa hiyo Bi Tahiya alituona kutoka dirishani. Akatuteremshia ufunguo kwa kikapu na kamba.

"Hodi!"

"Karibuni juu!"

Tulipofika, alitazama furushi kabla ya kututazama nyuso. Akalijua. Alisimama wima, mwanamke mfupi mwenye kiburi chake.

"Mzee Silima, neno lolote ulilokuja nalo, kwangu halisemwi kabla ya chakula."

"Bi Tahiya, hatukuja kula."

"Sisi hatukuja kula," alisema Ami Makungu, "lakini hiyo biriani inayonukia nayo haina kosa."

Ikatengwa. Sinia moja la wanaume katikati ya mkeka. Pembeni, kama kawaida, Bi Tahiya akaweka bakuli dogo na kijiko, kwa ajili ya kumlisha mwanawe nyuma ya pazia, watu wasione. Mimi nilisimama mlangoni.

Munir alikuwa kitandani, shuka limefika kifuani, mkono wa kulia chini yake. Akamwamkia Baba, "Shikamoo, Mzee," maneno yakitoka mazito kidogo, moja moja.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama. Kirudishe kijiko."

"Nini?"

"Leo nakula na wageni wangu."

"Munir, usinitie aibu."

"Aibu yako ni nini, Mama? Mimi?"

Munir akalitupa shuka. Alijivuta mpaka ukingoni, akainamisha kifua mbele kama tulivyozoea, pua ipite vidole vya miguu, akasimama. Baba alinyanyuka nusu kwenda kumdaka. Nikasema, "Muache, Baba." Akabaki hapo, ameinama, mikono mbele. Munir aliuburuza mguu mpaka kwenye kigoda kando ya sinia, akaketi, na jasho lilikuwa limeshamtoka.

"Bismillahi," akasema.

Akatia mkono wa kulia ndani ya wali.

Vidole vilijikunja kabla ya wakati. Wali ulitoka kati yake, ukamwagika ukingoni. Akarudia. Safari hii alipata tonge kama la mtoto, akalinyanyua, bega likapanda mpaka sikioni, nusu ya wali ikamwangukia kifuani. Bi Tahiya akaja na kitambaa.

"Niache, Mama."

"Angalia nguo yako…"

"Nguo inafuliwa."

Hakuna aliyekuwa anakula. Ami Makungu ndiye aliyeokoa watu. Alisukuma pande la nyama mpaka upande wa Munir.

"Shughulika na hilo, bwana. Wali utaanguka, nyama haianguki. Na mkimaliza kushangaa, wengine tuna njaa."

Tonge la tatu likafika mdomoni. Punje moja ilibaki kidevuni. Munir alitafuna, akameza, kisha akainua macho, akampita Baba, akampita ami yangu, akanifikia mimi mlangoni. Nimeshatazamwa na watu. Sijawahi kutazamwa vile, kama mtu anayeniuliza: umeona? Nikaitikia kwa kichwa: nimeona. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Baba hakumaliza hata matonge yake mawili. Alinawa, akalivuta furushi, akaliweka juu ya mkeka.

"Munir, mwanangu. Sikuja kukudharau. Wewe ni mtu mwema, na ningekuwa na uwezo ningekupa mkono wangu mmoja. Lakini mimi nina mtoto mmoja wa kike."

"Najua, Mzee."

"Nimeona ulivyokula. Mungu akuzidishie. Ila kula tonge si kuoa. Nyumba ina kazi, ina watoto, ina siku mbaya. Maradhi haya yanarudi. Nayajua. Nimelala nayo nyumba moja."

Munir alikuwa anatafuta neno. Maneno yake yalichelewa, na Baba alikuwa mtu wa haraka, na niliona kwamba lile neno halitafika kwa wakati. Basi nikatoka mlangoni. Nikasimama mbele ya wanaume watatu na sinia.

"Bibi hakulala kwa maradhi peke yake, Baba. Sisi tulimlaza."

"Mwanapili, nyamaza."

"Mama alimgeuza, alimwosha. Hakuna aliyemwambia amkalishe. Hakuna aliyemwambia amsimamishe, ampe kijiko akishike mwenyewe. Tulidhani huruma ni kumfanyia kila kitu. Mama hakuuliwa na Bibi. Mama aliuliwa na kutojua, na si kosa lake wala lako. Lakini mimi sasa nnajua."

"Unajua nini wewe, mtoto?"

"Nnajua dawa ya presha anakula saa ngapi. Nnajua akichoka anafananaje. Nnajua upande wa kusimama akitembea."

Sauti ya Baba ikashuka.

"Na asipopona zaidi ya hapa? Hebu nijibu hilo. Akibaki hivi hivi?"

"Basi ntamchukua hapa hapa alipofika."

Nilisikia Bi Tahiya akivuta pumzi nyuma yangu. Munir aliinamisha uso. Ule mkono wake wa kulia, wenye mafuta na punje za wali, ulikuwa umejikunja juu ya goti kama ngumi.

Baba akasimama. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na mtu anayetaka kulia mbele ya watu huwa hana njia ila kukasirika.

"Nshasema neno langu. Vitu vyenu hivyo hapo. Makungu, twende."

* * *

"Nakusindikizeni," alisema Munir.

"Utasindikiza wapi?" Bi Tahiya alimshika bega. "Hizo ngazi hujazishuka tangu ubebwe!"

"Mgeni wangu haondoki peke yake, Mama."

Bi Ulfat alikuwa amemfundisha vidato vya juu vya ngazi tu, kushuka na kupanda. Chini yake ngazi inageuka, inaingia giza, na mawe yake yameliwa na miguu ya watu wa zamani. Ukutani kuna kamba. Munir akaishika kwa mkono wa kushoto. Mimi nikapita mbele nikasimama chini yake, upande wake dhaifu, mikono wazi, bila kumgusa.

"Mguu gani kwanza?" nikamuuliza.

"Mgonjwa."

"Kwa nini?"

"Ili mzima ubaki juu… unishikilie."

"Haya. Mshushe mgonjwa."

Akaushusha. Unyayo ulipapasa jiwe kama mtu anayetafuta kiatu gizani, ukakaa. Kisha mguu mzima ukafuata. Juu, Bi Tahiya alikuwa anasoma dua kwa sauti ya kulia. Chini, Baba na Ami walikwishatoka nje. Tulishuka hivyo, yeye akipumua kwa nguvu, mimi nikirudi kinyumenyume, uso wake na wangu karibu kuliko siku zote.

"Kile ulichosema kule juu," alinong'ona.

"Usizungumze. Shuka."

"Ulisema hapa hapa nilipofika."

"Nilisema. Sasa angalia mguu wako, usinivunjie neno langu."

Akacheka, akayumba, moyo wangu ukaanguka ngazi zilizobaki zote. Kamba ikamshika. Akashuka tena.

Alipotokeza mlangoni, jua lilimpiga usoni akafumba macho. Ami Makungu akasema "Subhanallah!" na Baba akageuka. Sijui alitarajia nini. Alisimama pale kichochoroni, akamtazama mtu ambaye alimuacha ghorofani.

Munir alinyoosha mkono wa kulia. Ulitoka polepole, umepinda kiwikoni, lakini ulitoka.

Mtu akikupa mkono mlangoni kwake, huwezi kuukataa. Baba akaupokea.

"Haya, mwanangu. Mungu akupe afya."

Akavuta wake. Haukutoka.

Akavuta tena, kwa adabu. Vidole vya Munir vilikuwa vimefunga.

"Jamani," alisema Ami Makungu, "mbona hamuachani?"

Uso wa Munir ulikuwa umeiva kwa haya. "Samahani, Mzee. Kushika… nshajua. Kuachia ndio bado sijajua."

Ulikuwa ukweli mtupu. Bi Ulfat alikuwa ametuambia kwamba mkono ukianza kuamka hukamata kabla ya kujua kufungua, na kufungua ndiko kunakochelewa. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walisimama. Dirisha la jirani likafunguka. Baba akavuta kwa nguvu.

"Usivute, Baba. Ukivuta atazidi kukaza."

"Mwanapili!"

"Naam, Baba."

"Mfungue mtu huyu!"

Nilijua namna ya kumfungua. Nilisimama, sikwenda. Ndani yangu kulikuwa na yule msichana wa nyuma ya pazia, ananivuta nguo, ananiambia mfungue, watu wanatazama. Nikamwacha avute.

"Baba, nyumbani ulisema mkono huu umekufa."

Ami Makungu akaegemea baraza, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Maiti gani huyu anayekamata hivi! Silima, wallahi, mie nimeshikwa mkono na walii watatu katika maisha yangu, hakuna aliyenishika kama unavyoshikwa wewe!"

"Makungu, funga mdomo wako."

"Mie nimefunga. Mwenzangu ndiye aliyefungwa."

Baba alinitazama. Nikamtazama. Akaacha kuvuta. Mkono wake ukalegea ndani ya mkono wa Munir, ukatulia, kama unavyotulia siku ambayo kadhi huwa amekaa pembeni. Akautazama. Alitazama vidole vile vinavyotetemeka kwa juhudi, wali uliokauka kwenye kucha. Hapo ndipo nilipokwenda.

Nilizungusha upindo wa mtandio wangu mkononi. Nikauinamisha kwanza mkono wa Munir kwenye kifundo, taratibu, uelekee chini. Kisha nikashika shina la kidole gumba, nikakitoa nje. Kitambaa kilikuwa chepesi. Joto lake lilipita. Sikuinua macho, na najua yeye hakuyashusha. Vidole vikafunguka kimoja kimoja.

Baba alijisugua mkono. Palikuwa na alama nyekundu.

"Makungu," akasema, "tumesahau furushi."

"Tumelisahau? Si ulilitua kwa mkono wako mwenyewe?"

"Nimesema tumelisahau."

Akapanda yeye mwenyewe. Tulisikia miguu yake juu, tukasikia sauti yake na ya Bi Tahiya, maneno hatukuyapata. Aliporudi alikuwa nalo kwapani. Alimpita Munir, ambaye alikuwa ameketi barazani, mgongo ukutani, anatazama watu wakipita kama mtu aliyeletewa dunia mpya.

"Munir!" Bi Tahiya alitoa kichwa dirishani. "Panda juu, jua hilo!"

"Sipandi, Mama! Niteremshie unga kwa kikapu!"

Niliagana naye kwa macho, nikawafuata wazee wangu. Baba alitembea mbele bila kusema mpaka tukavuka barabara kubwa. Hapo akapunguza mwendo, lakini hakugeuka.

"Mwambie huyo bwana ajifunze kuachia," alisema. "Siku ya nikaha sitaki kufungwa kamba mbele ya kadhi na watu wote."

Nikajikaza nisicheke.

"Ntamwambia kesho asubuhi."

"Kesho? Nani aliyekuruhusu kwenda kesho?"

"Ntakwenda, Baba."

Alitembea hatua chache. Kisha, bado hajageuka, akanyoosha mkono nyuma, ule wenye alama nyekundu, akanipa furushi nilibebe mwenyewe.